Wiki ya Thelathini na Tano

Mungu humpa upele asiye na kucha.
Mimi nilikuwa nazo. Mkunga Rosenda
alizikata mwenyewe Jumanne, zahanati ya Castro,
moja moja, kwa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi,
akazikunja kwenye karatasi kama chenji.
"Usiku zitakusaliti," alisema.

Ulianzia kwenye michirizi ya tumbo:
vipele vyekundu, vidogo kama mbegu za nyanya,
vikashuka mapajani, vikazunguka kiuno,
vikapanda hadi chini ya matiti bila kupiga hodi.
Kitovu tu vilikiacha.
Kimekaa pale katikati kama mgeni
asiyejua wenyeji wanagombania nini.

Rosenda aliuliza: viganja vinawasha? Nyayo?
Akanitoa damu, akaituma ikaulizwe habari za ini.
Siku mbili nilijikuna nikiomba, nikaomba nikijikuna.
Majibu yakarudi: ini halina neno.
"Ni ngozi tu. Mtoto haumgusi.
Ukijifungua utaondoka."
Tu.
Neno fupi, na halilali
kitanda kimoja na mimi.

Na kazi yangu, cheka ukitaka, ni kuuza sufu.
Kila Jumamosi sokoni Dalcahue, meza ya tatu kutoka mlangoni:
soksi, kofia, mablanketi ya kondoo wa mama mkwe
yanayonuka moshi na mvua.
Miaka kumi na moja wateja wananiambia inawasha,
nami nawajibu, ifue mara mbili, utaizoea.
Nawaomba radhi wote.
Hasa yule bwana wa Santiago aliyerudisha sweta
nikamwita ngozi ya yai,
nikamrudishia nusu ya pesa.
Bwana, nusu yako ipo.

Sweta ya mtoto imo kikapuni, mkono mmoja haujafumwa.
Nimeifunika kwa gazeti.
Hata kuiona kunaniwasha.

Soksi kuukuu ya Heriberto, ya pamba,
nimeijaza shayiri, nimeifunga fundo,
naikamua chini ya bomba hadi maji yawe meupe,
kisha najikanda nayo nikiwa nimesimama kwenye beseni
kama mtu anayejipaka chokaa.
Kijiko kinalala kwenye friza, changu peke yangu.
Kipo na kidonge cha usiku kinacholaza kila kitu
isipokuwa kiuno.
Mama mkwe Ludovina alikuja na viazi,
akavikata vipande vyembamba, akanibandika mgongoni
bila kuniuliza, akasema mtoto atakuwa na nywele nyingi.
Vilidondoka kimoja kimoja sakafuni, mbwa akavila.
Lakini nakiri: kwa dakika kumi
sikumchukia mtu yeyote.

Wanasema mtu hujikuna ajipatapo.
Aliyesema hakubeba tumbo hili.
Mimi sijipati. Kuna upande wa nyuma
nilioufikia mara ya mwisho mwezi wa Machi.

Saa tisa za usiku Heriberto anarudi
kutoka kwenye vizimba vya samaki,
mikono yake baridi kama mlango wa chuma.
Havui hata koti. Anapiga magoti kando ya kitanda,
ananiwekea viganja viwili ubavuni.
Usikune, namwambia. Kandamiza.
Vikipata joto anatoka barazani,
anavinyoosha kwenye mvua, anarudi.
Mara nne leo. Mara ya tano
amesinzia hapohapo, kichwa kwenye godoro,
kiganja kimoja kimebaki.

Ndipo chini ya kiganja hicho mtoto akajinyoosha,
kisigino kikapita kwa ndani, polepole,
chini ya mbavu,
palepale upele ulipokolea.

Nimezuia pumzi.
Kushoto kidogo, nanong'ona.
Kushoto.